Mia Moja na Mmoja

Wanafunzi wa shule ile walikuwa mia moja na mmoja, namba tasa isiyogawanyika kwa usawa. Kila asubuhi Mwalimu Chande aliwapanga wawili wawili, watano watano, kumi kumi, na kila mara alibaki mmoja. Mwanaidi alijitolea kuwa huyo. Alisimama mbele, akapiga ngoma.

Asubuhi iliyofuata mazishi ya Mwanaidi, watoto walijipanga bila kuambiwa. Mistari kumi, kila mstari watoto kumi.

“Tumetimia, mwalimu,” kiranja Athumani alisema, kisha akajiziba mdomo.

Mwalimu aliitazama ngoma chini ya bendera.

Athumani akatoka mstarini taratibu, akasimama nyuma peke yake. Pale alipotoka pakabaki pengo, na hakuna aliyesogea kuliziba.