Bi. Wakiuru Anakuja

Mwelu alikuwa anachambua dhania alipogundua kwamba karatasi iliyofungiwa dhania hiyo ilikuwa inamzungumzia yeye.

"Katiba, Kifungu cha 30," iliandikwa. "Hakuna mtu atakayefanywa mtumwa wala kushurutishwa kufanya kazi. Umenyang'anywa kitambulisho? Hulipwi? Unafungiwa ndani? Mwambie Bi. Wakiuru, mtetezi wa haki. Ukiogopa kupiga simu, tuma ujumbe." Chini kulikuwa na namba.

Haki ya Mungu, ni kama aliyeandika alichungulia dirishani. Huu ni mwaka wa pili Mwelu yuko mtaani Komarock akifanya kazi za nyumba kwa Mama Owen, na mshahara anausikia redioni tu. Kitambulisho kilichukuliwa "kitunzwe" siku ile ile alipofika kutoka Kitui. Kila asubuhi Mama Owen akienda kazini hufunga geti kwa kufuli, na akirudi akute vumbi kidogo tu, ni kofi. Mbeti, bintiye Mwelu, aliachwa kwa nyanyake akiwa anatambaa. Sasa anaongea, na mamake hajawahi kuisikia sauti hiyo. Hilo lilimuuma kuliko makofi.

Alingoja mpaka Sally, mpangaji mpya wa nyumba ya pili, alipotoka kuanika nguo uani kwake, chini ya dirisha la jikoni.

"Niaje, Mwelu?"

"Poa. Nisaidie simu kidogo nimsalimie mama."

"Shika. Lakini usinimalizie kredo."

Simu ikapita katikati ya vyuma vya dirisha, Sally akarudi kwa nguo zake. Mwelu akaiandikia ile namba: amefungiwa, hajalipwa, anapigwa, anataka kwenda kwa mtoto wake.

Bi. Wakiuru alijibu papo hapo. "Pole sana, mwanangu. Huo ni utumwa, na utumwa uliisha zamani. Leo hii nitakutoa. Uko wapi, na kwa nani?"

"Komarock, geti la bluu. Kwa Mama Owen. Jina lake lingine silijui, hata pasta humwita hivyo."

Safari hii jibu lilikawia. Mwelu alidhani mama wa watu analia.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Vizuri. Usimwambie mtu. Futa ujumbe wote, rudisha simu, choma hiyo karatasi. Nakuja mwenyewe."

Alifanya yote alivyoambiwa. Karatasi aliichomea kwenye moto wa gesi, majivu akayamwaga sinki. Akavaa rinda la kanisani alilokuja nalo, siku hizi linampwaya, akafunga nguo zake kwenye leso. Kisha akaketi kwenye kochi, kochi lile lile alilolipangusa kila siku bila kuruhusiwa kulikalia. Alikaa akatabasamu peke yake.

Saa nane mchana kufuli la geti likafunguliwa. Alikuwa Mama Owen, masaa matatu kabla ya kawaida yake.

Mwelu aliruka kochini, akasukuma furushi nyuma ya mlango, akiomba kimoyomoyo Bi. Wakiuru afike kabla ya kofi la kwanza.

Lakini kofi halikuja. Mama Owen aliingia, akageuza ufunguo mara mbili, akafunga pazia. Akavua saa ya mkononi, akaiweka mezani taratibu.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nimekuja mwenyewe."