Mkono

Muuguzi wa Ghent, Ubelgiji, alisimama kando ya maiti isiyo na jina, simu sikioni. "Nieleze mumeo yukoje, taratibu."

Kule Kolwezi, Falonne akajikaza. Kiholanzi, lugha ya huko, alikisomea ili amfuate mumewe. Akaeleza bila kukwama: mrefu, mwanya, kovu la machimboni kwenye *hand*.

"*Hand*? Hapana kovu hapo."

"Banasema nini?" mama mkwe akauliza.

"Haiko ye, mama."

Mama akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Ndipo Falonne akakumbuka. Kwao mkono ni mkono, toka begani hadi vidoleni. Kiholanzi kimeukata vipande viwili: *hand* huishia kwenye kifundo cha mkono. Kovu la mumewe liko juu ya kiwiko. Hapo huitwa *arm*.

"Kuna alama nyingine?" muuguzi akauliza.

Neno hilo lilikuwa ulimini.

"Hapana," Falonne akasema.