Juzuu Iliyoshonwa Kushoto

Mama alijaribu kuifungua juzuu yake ya Kurani kwa ukingo wa kushoto, kama alivyoifungua maisha yake yote, nayo haikufunguka.

Nusifa aliliona kosa kabla mama yake hajasema neno. Mgongo wa juzuu alikuwa ameushona upande wa kushoto, badala ya kulia unakokaa mgongo wa kitabu cha Kiarabu.

Kushona vitabu alijifunza kwenye simu, kwa kupenda tu, jioni akirudi nyumbani Nabuyonga kutoka sokoni Mbale na miguu imemvimba kwa kusimama. Mwalimu wa kwenye video alishona vitabu vya Kizungu, na kwa uchovu mikono ya Nusifa ikafuata ilichokiona. Uzi aliupaka nta. Kurasa kuukuu za mama alizibana kati ya mbao mbili kwa mpira wa baiskeli mpaka gundi ikakauka.

Mama alipapasa mishono kwa kidole, mmoja mmoja, maana macho yake yalikuwa yamefifia.

"Umeshona imara," alisema. "Sasa lete wembe, tuufumue."

"Kesho, Mama. Leo hata kuinama siwezi."

"Mimi sihitaji kuisoma, nimeihifadhi kifuani. Nilitaka ishonwe nikuachie wewe."

"Basi, Mama, nitaishona upya kesho."

"Kesho yako naiona, mwanangu. Yangu siioni."

Wembe ulikuwa kwenye boksi la uzi, upande wa pili wa chumba. Nusifa aliinuka akishika ukuta.