Kofia ya Bi Tunu

Bi Tunu alipanda jukwaani kumuunga mkono Sengondo, aliyekuwa mpinzani wake katika mbio za kuteuliwa na chama kuwania urais hadi mama huyo alipojitoa juzi. Wafuasi wa Bi Tunu walikuwa wamenuna chini ya kofia zenye sura yake.

“Mama yangu alipofariki,” alisema, “huyu alisimamisha kampeni zake, akaja kubeba jeneza. Sijasahau. Kwa hiyo nawaombeni, kura zote mnipe mimi!”

Mazoea ya kampeni yalikuwa yamemponza.

Sengondo ndiye aliyeanza kupiga makofi. Akainama, akaomba kofia kwa mama mmoja wa mbele, akaivaa.

“Endelea, dada.”

Bi Tunu akaitazama sura yake ikitabasamu juu ya paji la Sengondo. Akamshika mkono, akauinua juu.