Mama Anajitoa

Sheria ilikuwa wazi: mtu akijitoa kwenye utafiti, yote aliyojifunza mtafiti kumhusu yanafutwa, hata kichwani mwake. Dokta Zuwena Makame aliwafundisha hivyo wahadhiri na wanafunzi bila kusita.

Kwa miaka mitatu alikuwa akitafiti maradhi ya kusahau, na mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mama yake mzazi. Jioni moja mama akamwambia, "Nimechoka kuchunguzwa, mwanangu. Najitoa."

"Mama, nitasahau kwamba unaumwa!"

"Si ndivyo unavyofundisha?"

Zuwena akaleta fomu, mama akaweka dole gumba.

Asubuhi yake Zuwena alionja chai aliyopika mama, akakuta imetiwa chumvi.

"Mama, umeanza lini kusahau?"

Mama akamtazama kwa huruma. "Leo tu, mwanangu."

Zuwena akashusha pumzi, akaamini.