Anayehesabu Chooni

"Hesabu, mwanangu, nikusikie," nesi aliniambia kutoka nje ya mlango wa choo.

Katika wodi yetu ya vijana wasiotaka kula, ukienda chooni baada ya chakula unahesabu kwa sauti mpaka utoke, ili ijulikane kwamba hutapiki.

Nilipofika kumi na tisa nikapiga magoti. Tambi za mchana zilikuwa zimenikwama kifuani. Nikanyamaza.

"Ishirini," sauti yangu ikaendelea. "Ishirini na moja."

Nikagusa midomo yangu. Ilikuwa imefumba, mikavu.

"Safi, Maren. Leo umechangamka," nesi akasema.

"Ishirini na mbili," ikamjibu, na nikaisikia ikitabasamu.

Nikasimama, nikaugonga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Nesi, fungua. Anayehesabu si mimi."