Iwana wa Siku ya Mwisho

Paa! Uzi ukachapa maji, na samaki wote wakakimbilia chini ya mawe.

"Wewe unavua au unafua?" alifoka Morihiko, baba mkwe wa Kazuma.

"Nisamehe, Baba." Kazuma akainamisha kichwa kuficha uso, maana alikuwa amechapa makusudi.

Uvuvi wenyewe haukuwa na makuu: ufito mrefu, uzi uliofungwa nchani, na chambo cha manyoya mfano wa mdudu. Unanyanyua, unasimamisha mkono juu ya kichwa, unatupa. Chambo kiguse maji, uzi ubaki hewani. Theluji ilipoyeyuka Kazuma alikuwa mbumbumbu kweli. Sasa mkono ulikuwa umeshajua, na kuukosesha ndiko kulikomtoa jasho.

Angefanyaje? Yeye alikuwa mume aliyeolewa, kama walivyomtania pale bondeni: amehamia kwa wakwe, amechukua jina lao, ili nyumba yao ya wageni isikose bwana. Na desturi ya nyumba ile haikuwa na mchezo. Mkwe akishavua iwana wake wa kwanza, samaki huyo wa mtoni anawekwa mbele ya picha za mababu, na tangu hapo yeye ndiye bwana wa nyumba. Bwana wa nyumba halali nje hata usiku mmoja. Milima huku, milima kule, jua lenyewe linachungulia adhuhuri tu. Kazuma hakutaka kuzikwa humo angali hai.

"Leo msimu unaisha, mto unafungwa," mkewe Chinatsu alikuwa amemnong'oneza asubuhi. "Usipopata, Mama atamwita binamu yangu ashike nyumba, sisi turudi zetu mjini Nagoya. Vumilia, mume wangu."

Morihiko akamshika kiwiko. "Simamisha hapa. Mbona unaulegeza, mwanangu?"

Mzee huyo hakuwa na huruma. Kila alfajiri ndiye aliyemvuta miguu kitandani. Kazuma alimwona kama jiwe la bonde lile, lisiloondoka wala kuacha wengine waondoke. Leo hata alikuwa amevaa koti lake zuri, kwa heshima ya siku, bila shaka.

"Basi la pwani bado linapita mchana?" mzee akauliza ghafla.

"Nadhani, Baba."

"Haya, tupa."

Paa! Morihiko akaguna, akapanda na ufito wake mpaka kwenye kidimbwi cha juu. Aliporudi alimpigapiga Kazuma mgongoni, akamwekea sawa kikapu chake. Mkono wake ulikuwa umelowa.

Mchana mama mkwe, Fusae, akaita kutoka darajani. "Yatosha! Mto umefungwa!"

Moyo wa Kazuma ukaruka kwa furaha. Amepona! Akapanda mbio, akamkabidhi mama mkwe kikapu, huku akijitahidi kununa.

Fusae akafunua. Akapiga kigelegele. Iwana mnene alikuwa ndani, bado anatapatapa.

"Si wangu!" Kazuma akapiga kelele. "Mama, naapa, sijavua kitu! Muulize Baba!"

Akageuka. Morihiko alikuwa ameshafika barabarani, begi mkononi, analipungia basi lisimame.

Fusae akacheka mpaka akafuta machozi.

"Hata yeye aliapa hivyo hivyo siku yake," akasema, akimtazama mumewe akipanda basi. "Mwache naye akaone kwao pwani."